Mgeni Mmoja, Usiku Mmoja

Wifi yake ndiye aliyemwambia kwanza, wifi mwuza mitumba mwenye sauti ya kuita wateja hata akiwa jikoni, kwamba kumbe usingizi wa fundi, mume wake, ulikuwa ukiandikwa mahali, kila akilala kwenye zile hoteli anakopelekwa na kampuni anawekewa pointi, na pointi zikijaa unalala bure, mwanamume analipwa kwa kukoroma, Mama Chiriku, na wewe unakoroma bure, alisema wifi akacheka mpaka akashika ukuta, na sasa pointi zenyewe zilikuwa hapa, kwenye kioo cha kompyuta ya steshenari, elfu ishirini na nne na mia sita, na dada wa steshenari alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe akisema, haya mama, chagua, ni ipi kati ya hizi tatu, na yeye hakuweza, alikuja akidhani hoteli ni kitu cha kupewa, kuchagua ni kazi ya watu waliozoea, yeye maisha yake yote alichaguliwa, shuleni alichaguliwa kufuta ubao kwa sababu hakupiga kelele, kwenye ndoa alichaguliwa kwa sababu hakupiga kelele, na kama watoto nao wangekuwa wanachagua, Chiriku angejichagulia mama mwenye sauti... akampandisha mtoto vizuri mapajani, upande wa sikio bovu akaulaza kifuani mwake, pamba ndani, harufu ibaki kwao wawili, maana chumba kilikuwa kidogo na joto la mashine lilikuwa jingi, na nyuma yake alisimama dalali wa nyumba na karatasi zake za kutoa kopi, anagonga kiatu sakafuni, ko, ko, ko, kila pigo la kiatu likimwambia chagua, chagua, chagua.

Hii ya kwanza ndiyo yenyewe, mama, alisema dada wa steshenari, binti ambaye hata miaka ishirini na mbili hajafika lakini akikaa mbele ya kioo kile anakuwa mkubwa wa kila mtu, ona wameandika eneo bora, tisa nukta sita kwa kumi, katikati ya jiji, ukitoka mlangoni tu uko madukani, na ona taulo wamelikunja kama ndege, na kweli lilikuwa ndege, shingo ndefu, limetulia kitandani kama lenyewe ndilo lililolipa, na ya pili ina bwawa la kuogelea, iko nje ya jiji kando ya barabara kuu, elfu nane tu kwa usiku, siku tatu unalala na pointi zinabaki, na hii ndiyo aliyoisema fundi, ujumbe wake ulikuwa bado kwenye simu, chukua ile ya nje mlale siku tatu mpumzike, neno la siri ni jina la Chiriku na mwaka, anza na herufi kubwa... mpumzike, kama vile walikuwa wanakwenda kupumzika, kama vile Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi hakukuwa na mlango wa kijani unaongoja, na daktari, na ile sindano ya usingizi, na ya tatu dada aliipita haraka, jengo la kijivu lisilo na ndege wala bwawa, hii achana nayo, alisema, ina bei ya wendawazimu na haina lolote, na yeye akataka kusema, dada, iko karibu na hospitali? neno moja tu, hospitali, lakini neno hilo halitoki peke yake, likitoka linavuta mengine nyuma kama uzi uliokamata pindo, hospitali ya nini, mtoto ana nini, sikio limefanyaje, hebu tuone, na watu huinama, wakishainama hunusa, wakishanusa hujirudisha nyuma taratibu ili usione kwamba wamejirudisha, na yeye huona, kila mara huona.

Mara ya kwanza walilala kwa baba mdogo wa fundi, pembezoni kabisa mwa jiji, nyumba nzuri, watu wema, wakawapa kitanda wao wakalala chini, na saa kumi alfajiri alikuwa barabarani mtoto mgongoni, tumbo la mtoto tupu kama walivyoagizwa, asile asinywe, na gari likaja, likaenda, likasimama, mbele taa nyekundu za magari mpaka mwisho wa macho, na Chiriku akilia maji, maji, na yeye akimwimbia kwenye sikio zima, na walipofika ilikuwa saa mbili, nesi ana kalamu nyekundu, mstari umeshapita juu ya jina, mama, saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili, mimi ningefanyaje, orodha ni ndefu, rudi baada ya miezi minne, na miezi minne hiyo sikio halikungoja, lilikwenda mbele na kazi yake, na yule tabibu wa zahanati ya hapa, mpole, asiyependa kutisha watu, wiki iliyopita alivua miwani akasema, mama, safari hii usikose, ugonjwa umeshafika kwenye mfupa, ukikosa tena hatuzungumzii sikio moja... alivua miwani, hilo ndilo lililomtisha, mtu akivua miwani ili akuambie jambo ni kwamba hataki kukuona vizuri wakati unalisikia.

Mama, hoteli haitakimbia ila mimi nina mteja anaungua jua, alisema dalali nyuma, na dada wa steshenari akamjibu bila kugeuka, mteja wako amezoea, wewe humwambia kila nyumba iko dakika tano kutoka lami, na dalali akasema, ni kweli dakika tano, mimi sikusema kwa miguu ya nani, wakacheka wote wawili, hata yeye alitaka kucheka, kicheko kikaishia puani, na dalali sijui aliona kitu gani kwenye mgongo wake, akaacha kugonga kiatu, akasogea akachungulia kioo, akasema, sikiliza shemeji, nikupe siri ya kazi yangu na usimwambie mtu, ukiambiwa eneo bora, ukiambiwa karibu, usinunue, uliza kwanza karibu na nini, mimi nimepangisha vyumba karibu na kanisa kwa mtu aliyetaka kulala na karibu na soko kwa mtu aliyetaka kusali, kosa halikuwa langu, hawakuuliza... basi wewe unataka uwe karibu na nini? na swali likakaa pale mezani kati ya kompyuta na kadi ya kliniki ya mtoto, swali rahisi, mtu mzima anauliza unataka uwe karibu na nini na mtu mzima anajibu, na yeye akafungua mdomo na kilichotoka kilikuwa kidogo mno, dada akasema, eh? akarudia, hospitali, ile kubwa, mtoto ana zamu Alhamisi, na hakuna aliyeinama, hakuna aliyenusa, dada alisema tu, si ungesema toka mwanzo, mama, akafungua ramani, akaikuza, akaisukuma, na lile jengo la kijivu lisilo na ndege likatokea limekaa hapo hapo, barabara moja tu kati yake na geti, mita mia mbili na arobaini, pointi elfu ishirini na nne kwa usiku mmoja, kimebaki chumba kimoja.

Elfu ishirini na nne, na yeye ana elfu ishirini na nne na mia sita, akahesabu kichwani mara mbili ingawa hakukuwa na cha kuhesabu, zimetosha, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze kitu kimetosha, na akamkumbatia Chiriku mpaka mtoto akafumbua jicho moja akalifumba, hii, alisema, hii ya kijivu, akashangaa kusikia sauti yake imesema hii, fundi amesema ya nje na yeye anasema hii, na dada akabonyeza, na kioo kikazunguka, kikazunguka, kikaandika kitu, na dada akasonya, ah, mama, wanataka namba ya kuthibitisha, imetumwa kwenye simu ya mwenye akaunti, mzee yuko wapi? yuko kazini, mpigie basi, akusomee, tuna dakika kumi, na kweli kwenye pembe ya kioo dakika zilikuwa zimeshaanza kushuka, tisa na hamsini na nane, tisa na hamsini na saba, akapiga, simu unayopiga haipatikani kwa sasa, akapiga, haipatikani, atakuwa shimoni, alimwambia dada kwa aibu kama vile kosa ni lake, ni fundi wa lifti, akiingia kwenye lile shimo la lifti simu haishiki, na dalali akasema, lo, mwanamume amepata mahali pa kujificha pasipo na mtandao na bado anapewa mshahara, huyo namwonea wivu, na karatasi zake zilikuwa zimeshatoka kwenye mashine, zina joto, lakini hakuondoka, akaegemea mlango akasema, mteja wangu aungue kidogo, hili nalisubiri mwisho wake.

Dakika nane, akapiga, haipatikani, akamtumia ujumbe, Baba Chiriku kuna namba imekuja nisomee, akaangalia kama ameandika sawa, akarekebisha alama ya kuuliza aliyoiweka pasipo swali, akatuma, na dada wa steshenari, mtu asiyeweza kukaa bure, akasema, ngoja tuangalie hizi pointi zisije zikawa zimepita muda wake tukalia bure, wakati mwingine wanazifuta, akabonyeza pale palipoandikwa malazi yako, na orodha ikashuka, ndefu, miji na tarehe, mgeni mmoja, usiku mmoja, mgeni mmoja, siku tatu, kila mstari na pointi zake mwishoni, na yeye akaitazama kwa fahari kidogo, ndiyo jasho la fundi hilo, miji mingine hata hakuijua kuandika na sasa aliisoma herufi kwa herufi, hapa ndipo aliponunua doli la Chiriku, hapa ndipo alipopata homa... eh, alisema dada, kumbe hata hii ya hapa kwetu alikuwa analala, ile ya ghorofa tano karibu na zahanati, tena mara nyingi, mlihamia lini hapa, mama? na yeye akasema, mm, si ndiyo wala hapana, mm tu, kwa sababu hawakuhamia, fundi alizaliwa mtaa ule ule, nyumba ile ile ya mabati ya bluu wanayoishi, na macho yake yalikuwa yameshafika kwenye mstari na hayakutaka kutoka.

Ofisi kuu wamekosea, alijiambia, ndiyo, wamekosea, fundi mwenyewe aliwahi kusema akicheka, ofisi kuu hawajui nani anaishi wapi, wakikutuma kazi mji fulani wanakukatia chumba kama wanavyokata tiketi, siku watanituma nitengeneze lifti ya benki ya hapa kwetu watanikatia chumba nilale ugenini kwenye mji wangu, alisema hivyo, wakacheka, ilikuwa mwaka juzi, sikio la mtoto lilikuwa zima... basi walimtuma, na walimkatia, na yeye akaingia, akapewa ufunguo, hakurudi nyumbani akasema jamani ofisi hawana akili, mara kumi na moja, alihesabu kwa macho, mara kumi na moja, mgeni mmoja, usiku mmoja, mgeni mmoja, mgeni mmoja, na jambo la kwanza alilolitafuta, Mungu amsamehe, ni namba mbili, mgeni wa pili, mwanamke, akapitisha macho mstari kwa mstari akimtafuta huyo mwanamke kama mtu anavyotafuta chawa kwenye nywele za mtoto, na hakumwona, kila mahali ni moja, moja, moja, na badala ya kupumua akaanza tena kutoka juu, kwa sababu mwanamke angekuwa na jina, angekuwa na nyumba, wifi angekwenda naye wakamfanyie fujo mlangoni, lakini mume aliyekimbilia kitanda kitupu, huyo unamfanyia nani fujo, unaugombania mto?

Dakika sita, mama mpigie tena, alisema dada, akapiga bila kutazama vidole, haipatikani, na mkono mwingine ukawa umeshachukua kadi ya kliniki pale mezani, hakuuambia uichukue, ukaifungua, tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, mwandiko wa nesi wa zamu wa zahanati, sikio limepasuka, usaha na damu, na kwenye kioo tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, mji huu, mgeni mmoja, usiku mmoja, pointi mia sita... usiku ule yeye na mtoto walitoka na jirani, mtoto anapiga kelele ya namna ambayo mbwa walinyamaza, wakapita barabara ile ya zahanati, na upande wa kulia lile jengo la ghorofa tano lenye taa za bango, anakumbuka bango kwa sababu chini yake ndipo alipoona kile kilichotoka sikioni ni cha rangi gani, alisimama chini ya bango la hoteli kutazama damu ya mtoto wake kwa sababu palikuwa na mwanga, na alipofika kwenye ngazi za zahanati akampigia, akapokea, haraka, mlio wa tatu, sauti ya chini chini, alidhani ni kwa sababu mafundi wenzake wamelala, niko mbali, mke wangu, alisema, niko mbali, nifanyeje, nifanyeje, alisema nifanyeje mara mbili, na yeye akamwonea huruma, akamwambia, wewe lala, Baba Chiriku, kesho una kazi, lala... alimwambia lala. Yeye ndiye aliyemwambia lala. Na kelele ile, je, haikuvuka barabara? Dirisha lilikuwa upande gani? Au alisikia mtoto analia nje akajua ni mtoto gani, baba anajua, hata kuku anajua, akavuta mto akaufunika kichwani... au hakusikia kitu, yale madirisha ya vioo viwili hayapitishi kitu, ndiyo maana watu wanayalipia.

Mama, unaumwa? hapana, alisema, joto tu, na dada akageuza feni kidogo ikawapepea, karatasi za dalali zikainuka, na Chiriku akajisogeza akaweka mkono wake kwenye shingo ya mama yake kama anavyofanya siku zote, kidole gumba kwenye koo, tangu kusikia kumpungue alianza kumshika koo ili ajue kama anaongea, hana miaka minne na ameshagundua namna yake, na sasa kidole kiko pale kinangoja... mshenzi, alijaribu kulisema kichwani, mshenzi wewe, halikukaa, lilikuwa kama nguo ya mtu mwingine, kwa sababu wakati ule ule alikuwa anamwona fundi alivyokuwa mwezi ule wa tatu, anakula amesimama, macho mekundu, siku moja alivaa viatu viwili tofauti akaenda hivyo hivyo mpaka kazini, na aliwahi kusema, mtu wa lifti akisinzia anaua watu, alisema hivyo akimtazama mtoto, si kwa hasira, kama mtu anayesoma kitu ukutani, na yeye mwenyewe je, yeye mwenyewe, ile Jumapili alipomwachia wifi mtoto akasema nakwenda kununua chumvi mara moja, akaenda akasimama nyuma ya mashine ya kusaga, ameegemeza mgongo kwenye ukuta unaotetemeka, kwa sababu pale ndipo mahali pekee mtaani ambapo mtu hawezi kusikia kitu kingine chochote, akasimama saa nzima, unga unamwangukia kichwani, akarudi hana chumvi, wifi akamuuliza, chumvi iko wapi, na mbona umezeeka ghafla, akasema imekwisha dukani, akalisema vizuri tu, bila kutetemeka, na kama siku ile mtu angekuja nyuma ya mashine ya kusaga akamwambia, shika ufunguo huu, ghorofa ya nne, kuna kitanda, kuna taulo limekunjwa kama ndege, hakuna mtu atakayejua... asingepanda ngazi? Angepanda. Angepanda anakimbia. Tofauti yake na fundi ni kwamba yeye hakuna aliyemletea ufunguo, alipewa ukuta, na ukuta hauandiki pointi.

Dakika mbili, alisema dada, na chumba bado kimoja, mtu mwingine akikidaka basi, na dalali akasema, huyo mwanamume atoke shimoni jamani, hata kobe hutoa kichwa, na yeye akawa anahesabu, hakutaka kuhesabu lakini darasa la saba hesabu ndilo somo alilopasi vizuri na kichwa kikishaona namba hakiachi, kumi na moja mara mia sita, elfu sita na mia sita, toa kwenye elfu ishirini na nne na mia sita, elfu kumi na nane kamili, na elfu kumi na nane haifiki, elfu kumi na nane inakupeleka kwenye bwawa la kuogelea kando ya barabara kuu, kwenye taa nyekundu za magari na nesi mwenye kalamu nyekundu, bila zile mara kumi na moja hakuna jengo la kijivu, hakuna mita mia mbili na arobaini, sikio la mtoto litapona kwa zile siku ambazo baba yake hakutaka kulisikia, na hakujua afanye nini na jambo kama hilo, hakujua ni jambo la kupigia kelele au la kushukuru, alitamani kuwe na mtu wa kumuuliza, lakini angemuuliza nani, wifi? wifi angecheka au angelia, na vyote viwili angevifanya kwa sauti ya sokoni... na je, fundi anajua? alijua kwamba orodha iko hapa, akatuma neno la siri hivi hivi, jina la Chiriku na mwaka, anza na herufi kubwa, alisahau, au hakusahau, au ndiyo sababu alisema chukua ile ya nje, ili asihesabu sana... hapana, fundi hakuwaza hayo, si mtu wa hila, angekuwa mtu wa hila angejua kuficha.

Muda umekwisha, mama, alisema dada, nitume tena? na kioo kilikuwa kimerudi kama mwanzo, hoteli tatu, ndege, bwawa na kijivu, kama vile hakuna aliyekuwa ameketi pale kwa dakika kumi, tuma, alisema, na dada akatuma, na tisa na hamsini na tisa, tisa na hamsini na nane, na simu ikalia mkononi.

Nilikuwa shimoni, mke wangu, nimekuta simu zako nne, mtoto mzima? mzima, amelala, kuna namba zimekuja mbili, nisome ipi? ya mwisho, alisema, na fundi akaanza, nne, saba, na yeye akawa anamwambia dada, nne, saba, na sikio lake lilikuwa linakwenda nyuma ya sauti, likitafuta, kuna nyundo mahali, kuna mtu anaita, shusha kidogo, shusha, kuna honi barabarani, na honi ile aliisikia kwenye simu na aliisikia mlangoni, au aliisikia mlangoni tu, hakuweza kujua, hata siku yake ya kufa hataweza kujua, benki iko upande wa pili wa barabara na jana walisema lifti yake imeharibika, angegeuza shingo tu angeona kama lile gari la kampuni lenye ngazi juu limesimama pale, dalali alikuwa mlangoni, angesema tu, kaka, hebu nitazamie, na hakugeuza shingo, moja, moja, tisa, tatu, alisema fundi, tayari? tayari, akasema yeye, Baba Chiriku, uko wapi leo? na fundi akasema, mbali, mke wangu, huku huku tu mbali, umechukua ile ya nje? nimechukua ya karibu, akasema, karibu na wapi? na hospitali, barabara moja tu, alaa, akasema fundi, na pointi zimetosha? na sentensi nzima ilikuwa imesimama kooni, ameshaipanga, haina kosa hata moja, na kidole cha Chiriku kilikuwa pale pale kinangoja kuihisi, zimetosha, akasema. Zote. Jina la mgeni ni nani, mama, aliuliza dada wa steshenari, hapa imejaza jina la mzee, mgeni mmoja, na yeye akasema, futa, andika langu, andika na la mtoto, wageni wawili.

Kesho yake asubuhi alimbeba Chiriku mgongoni, mkoba begani, karatasi ya hoteli aliyochapiwa steshenari ndani ya kadi ya kliniki, akafunga mlango wa nyumba ya mabati ya bluu, na badala ya kukata kushoto kwenda stendi akapita barabara ya zahanati, hatua moja moja, za kawaida, akizihesabu kimoyomoyo, na kila Chiriku aliposema kitu alimjibu kwa kichwa ili asipoteze hesabu, mpaka kwenye mlango wa kioo wa lile jengo la ghorofa tano, mlinzi akamuuliza, mama, unaingia au unapita? napita, akasema, akasogea pembeni chini ya bango, akatoa kalamu, akageuza karatasi, akaandika nyuma kwa mwandiko wake mzuri, hatua mia nne na kumi na mbili. Alitaka kuichana aiache mapokezi, apewe fundi atakapokuja tena. Lakini karatasi ilikuwa moja, na walisema asipokuwa nayo hawatampa chumba, akaikunja, akairudisha ndani ya kadi, akavuka barabara kuwahi gari.